Kuoka nyama na mboga kwenye chungu cha chuma ukiwa nje, makaa juu makaa chini

Maswali ni yaleyale kila mwaka. Chungu gani, mkaa kiasi gani, mbona chini imeungua na juu nyama bado inatoa damu, mbona viazi vimekuwa uji. Yanaanza Desemba watu wakipanda Moshi kula sikukuu, yanarudi Pasaka, na kila wikiendi ndefu mtu anataka kwenda Ziwa Duluti au chemchemi za Chemka na kitu tofauti na mishikaki. Nayajibu yote hapa mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Kwanza tuelewane, hii sio nyama choma kama ya Kwa Mrombo kule Arusha na wala sio ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma). Kule nyama inakutana na moto uso kwa uso. Huku nyama iko ndani ya chungu kizito cha chuma kilichofunikwa, na makaa yako chini kidogo, juu ya mfuniko mengi. Kama umewahi kumuona mama au bibi akipalia wali basi kazi unaijua tayari, tofauti ni kwamba hapa makaa ya juu ndiyo yanayooka na ya chini yanasindikiza tu. Wapishi wa kambi za safari wanaoka mpaka mikate na keki porini kwa mtindo huu, kwa hiyo paja la mbuzi halitakushinda. Karibu kila tatizo ninaloletewa linatokana na mtu kuweka moto mwingi chini kwa sababu ndivyo tulivyozoea kupika.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujawasha kiberiti

Chungu chenyewe. Tafuta cha inchi 12 kwa upana, yaani sentimita 30 hivi, hicho kinatosha watu 6 mpaka 8. Kiwe chuma kizito kile cha kumiminwa kwenye kalibu, ukikigonga kinalia kwa sauti nzito. Mfuniko uwe bapa na uwe na ukingo pembeni ili makaa yasiporomoke. Vile vyungu vya mviringo vyenye tumbo na miguu mitatu, vinavyopendwa sana Afrika Kusini, ni vizuri kwa mchuzi lakini vingi mfuniko wake una mgongo, makaa hayakai juu, utashinda unayaokota.

"Sufuria ya kawaida je?" Hili ndilo swali namba moja. Alminiamu nyembamba itakuokea viazi au wali vizuri tu, lakini nyama ya masaa mawili na nusu kwenye moto mkavu ni kuitesa. Alminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi hivi na mkaa uliopepewa vizuri unaweza kupita hapo, sasa sufuria ikikauka na moto uko chini yake unapata tundu. Kama huna chungu cha chuma chukua ile sufuria nene nzito, funika kwa sinia la chuma au kipande cha bati safi (lisiwe la rangi wala lile linalong'aa la mabati ya nyumba), na usiruhusu ikauke maji.

Mkaa ndoo moja ya lita 20. Utabaki, lakini kuishiwa katikati ya kazi ukiwa Chemka na duka liko Boma Ng'ombe sio jambo la kuchekesha. Chagua mkaa wa mti mgumu, vipande vizito vinavyolia vikigongana, ule mwepesi unaovunjika mkononi unaisha kabla nyama haijashtuka. Ukipenda kuni, magogo ya mibuni iliyong'olewa ni mazuri sana na huku Kibosho, Machame na Meru hayakosi. Usitumie mabaki ya mbao za kenchi (za paa) zilizotiwa dawa, zile za kijani, wala mbao zenye rangi. Ile dawa ni sumu na ukiichoma inaingia kwenye moshi na kwenye majivu, na majivu yako ndiyo yanakaa juu ya mfuniko wa chakula.

Jiko la mkaa la pembeni, la kuwashia tu. Hili watu wanalisahau kila mara.

Koleo refu. Ndoano ya kunyanyulia mfuniko, ambayo fundi welda yeyote wa mtaani anakukunjia kwenye nondo dakika tano. Ukiwa hapohapo kwake muulizie na glavu za ngozi, hizi za jikoni za kitambaa ni mapambo. Ufagio mdogo au brashi ya kupangusia majivu, beleshi dogo, kipande cha bati kuukuu la kuweka makaa juu yake kama ardhi ina unyevu, bati lingine la kukinga upepo, na ndoo ya maji kwa ajili ya kuzimia sio kwa ajili ya kupikia.

Chakula, kwa watu 6 hivi:

- Bega au paja la mbuzi, kilo 2, likiwa na mfupa
- Vitunguu maji 4 vikubwa
- Karoti 6 nene
- Viazi mviringo kilo moja na nusu
- Ndizi mshare (za kupika) 6 hadi 8, kama uko huku kwetu na unaziacha hatutaelewana
- Hoho 2, biringanya 1, nyanya chungu kiasi
- Kitunguu swaumu kichwa kizima, tangawizi kipande cha kidole gumba
- Rozmari matawi mawili matatu (Arusha watu wameipanda kama uzio, omba kwa jirani)
- Chumvi, pilipili manga, mafuta ya alizeti nusu kikombe, ndimu 2 za mezani

Mboga ukipita soko la Kilombero, Mbuyuni au Tengeru siku ya Jumamosi unamaliza zote. Karoti chukua nene na fupi, zile nyembamba nzuri za picha zitayeyuka.

Chungu kipya usikipikie siku hiyohiyo

Kioshe kwa maji moto kuondoa mafuta ya kiwandani, kikaushe juu ya moto mpaka hakuna unyevu kabisa, alafu kipake mafuta ya alizeti ndani nje na mfuniko, kisha chukua kitambaa kikavu ukifute kama vile umekosea kukipaka. Ibaki ngozi nyembamba tu ya mafuta. Kifudikize juu ya makaa ya wastani saa nzima mpaka kiache kutoa moshi, kiache kipoe, rudia mara mbili tatu. Kinakuwa cheusi chenye kung'aa kidogo. Ukipaka mafuta mengi yanaganda na kunata, utalazimika kuyakwangua uanze upya.

Na jambo moja la ustaarabu. Chuma hiki kinabeba mafuta ya chakula kilichopita, huwezi kukiosha mpaka kiwe kama hakijawahi kutumika. Kama wewe ni mtu wa kitimoto (nyama ya nguruwe) na una wageni Waislamu, kuwa na vyungu viwili. Usijitetee kwamba umekiosha.

Hatua zenyewe

1. Anza jana yake na nyama. Nyama ya huku kwetu mara nyingi imechinjwa alfajiri na wewe unainunua saa tatu asubuhi, ikiwa bado ngumu kwa kukakamaa. Inunue siku moja kabla, ilale kwenye friji. Ichome vitundu kwa ncha ya kisu, ingiza vipande vya kitunguu swaumu, pakaa chumvi kijiko cha chakula kimoja na nusu, pilipili manga, tangawizi iliyopondwa na rozmari. Usiweke ndimu usiku kucha, inapausha nyama ya juu na haifiki ndani. Papai bichi linalainisha kweli lakini ni la kupaka nusu saa mpaka saa moja kabla ya kupika, ukililaza nalo nyama inakuwa kama imetafunwa. Angalia mhuri wa mkaguzi kwenye nyama, hasa ya nguruwe, maana mambo ya tegu (minyoo ya kwenye nyama) sio hadithi.

2. Chagua pa kuwashia. Mahali tambarare, mbali na majani makavu, mita tatu kila upande pasafi, na sio chini ya matawi. Safisha mpaka uone udongo. Mawe ya kuegeshea chungu usiyatoe mtoni, jiwe lililonyonya maji likipata moto linaweza kupasuka na kurusha vipande. Kama uko kwenye eneo la hifadhi muulize askari wa pale moto unawashwa wapi, usijiamulie. Kilimanjaro ndiyo usifikirie kabisa, kule wapishi wanapanda na gesi, na wote tunakumbuka ule moto wa Oktoba 2020 tulivyokuwa tunauona usiku tukiwa mjini.

3. Washa mkaa kwenye jiko la pembeni. Sio chini ya chungu. Uache ushike wote mpaka vipande vivae majivu ya kijivu kwa nje, hiyo ni dakika 30 mpaka 40, usiharakishe kwa mafuta ya taa kwa sababu harufu yake itakaa kwenye nyama mpaka wageni waondoke. Ukishika, jaza mwingine mbichi juu ya jiko uendelee kuwaka, huo ni akiba yako ya baadaye.

4. Pasha chungu, kausha nyama, ikaange. Toa nyama nje ya friji au kisanduku cha barafu saa moja kabla. Ifute maji kwa kitambaa safi. Weka chungu juu ya makaa ya kutosha (hapa peke yake ndipo unaruhusiwa moto mwingi chini), mafuta vijiko vitatu, subiri yatetemeke, weka nyama. Usiiguse. Mwanzoni itang'ang'ania chuma, ikishapata rangi inajiachia yenyewe, ndio unageuza. Dakika 4 au 5 kila upande mpaka iwe kahawia kotekote. Wanaoruka hatua hii ndio wanaokuja kuniambia "nyama imeiva ila inafanana na ya kuchemsha".

5. Tandika kitanda cha mboga. Toa nyama pembeni, punguza makaa ya chini, weka vitunguu vilivyokatwa nusu na karoti nzima nzima zifunike kitako chote cha chungu. Nyama inalala juu yake isiguse chuma. Mwagia nusu kikombe cha maji, sio zaidi. Nyama na vitunguu vitatoa maji yake, ukiweka vikombe viwili umepika supu.

6. Palia. Hapa ndipo pa kutulia. Kwa chungu cha inchi 12 chukua vipande vya mkaa saizi ya yai, weka 8 chini na 16 juu. Vya chini vipange duara kufuata ukingo wa chungu, katikati pawe patupu, kwa sababu katikati ndipo panapoungua kwanza. Vya juu vipange duara kwenye ukingo wa mfuniko na vichache katikati. Hapo ndani unapata kama nyuzi 175 hadi 180, moto wa oveni wa kawaida. Mkaa wetu hauna saizi moja kama ule wa viwandani kwa hiyo hesabu ni ya kuanzia tu, ukishapanga pima kwa mkono. Weka kiganja sentimita 10 juu ya mfuniko, ukivumilia sekunde 6 mpaka 8 ni moto wa wastani, uko sawa. Ukitoa mkono sekunde ya 3 ni mkali, ondoa vipande vitatu vinne. Ukikaa mpaka ukaanza kupiga stori, ongeza.

7. Usifunue. Najua inauma. Kila ukifunua joto lote linatoka na unaongeza dakika kumi, na majivu yanatafuta njia ya kuingia. Tumia masikio. Sogeza kichwa karibu (sio juu, pembeni) usikilize, unatakiwa usikie mchemko mdogo wa mafuta, wa kuendelea, usiopanda wala kushuka. Ukisikia kelele za kukaanga na kupasuka pasuka, chini ni kukali, toa makaa mawili. Ukimya kabisa na hakuna mvuke hata mwembamba kwenye ukingo, moto umekufa au maji yamekwisha. Harufu nayo inasema, kitunguu kikianza kunukia utamu uko salama, kikinukia uchungu kimbia.

Kila dakika 15 zungusha chungu robo duara upande mmoja, na mfuniko robo duara upande wa pili. Makaa hayawaki sawa na upepo unapiga upande mmoja, usipozungusha nusu ya nyama inaungua nusu inakutazama. Kila dakika 40 hivi makaa yatakuwa yamepungua ukubwa, kung'uta majivu na uongeze mapya yaliyokwisha kushika kutoka jiko la pembeni. Usiweke mkaa mbichi juu ya mfuniko, unanyonya joto na kutoa moshi.

8. Mboga zinaingia kwa zamu. Kosa la wengi ni kutumbukiza kila kitu pamoja. Paja la mbuzi la kilo 2 linataka masaa mawili mpaka mawili na nusu, hakuna hoho inayosubiri masaa mawili.

Saa moja na dakika 15 ikipita, pangusa majivu yote kwenye mfuniko kwa ufagio, ingiza ndoano, nyanyua mfuniko wima moja kwa moja juu bila kuuinamisha, uuweke juu ya mawe mawili safi sio kwenye mchanga. Geuza nyama. Sasa weka viazi vilivyokatwa nusu na ndizi mshare pembeni kuzunguka nyama, vijiviringishe kwenye mafuta yaliyotoka. Ndizi uzimenye umepaka mafuta mikononi na kwenye kisu, ule utomvu ukikauka vidoleni utakwenda nao kazini Jumatatu. Zipasue mbili kwa urefu, upande uliokatwa uangalie juu ili upate rangi. Funika, palia tena.

Dakika 20 za mwisho ndio biringanya, nyanya chungu na hoho. Bamia kama unazo ziingie dakika 10 za mwisho, nzima bila kukatwa.

9. Kausha. Ukiona nyama imelainika lakini kuna maji mengi, chota mchuzi wote weka pembeni, peleka karibu makaa yote juu ubakize matatu chini, acha mfuniko umeegama kidogo na kijiti mvuke utoke, dakika 10 mpaka 15. Viazi vinapata ngozi, ndizi zinashika rangi ya dhahabu pembeni. Mimi hapa ndipo naona chungu kinaipita oveni ya umeme, ila najua kuna watu hawatakubali.

10. Pima, pumzisha, kata. Kipima joto cha nyama kama unacho: mbuzi na ng'ombe wa kuoka taratibu unampeleka mpaka nyuzi 85 na zaidi ili alainike, kuku asipungue 74, nguruwe asipungue 71 na bega lake nalo ni tamu ukilisukuma mpaka 85. Kama huna, shika mfupa uzungushe, ukicheza na nyama ikaanza kuachia imeiva. Kwa kuku choma kisu kwenye kiungo cha paja, maji yatoke meupe bila wekundu. Alafu itoe nyama, ifunike, iache dakika 15 kabla ya kuikata. Ukikata palepale utamu wote unaishia kwenye ubao. Ndimu kamulia sasa.

Kama sio mbuzi

Kuku wa kisasa wa kilo na nusu, saa moja na robo inatosha, viazi vinaingia naye pamoja tangu mwanzo. Kuku wa kienyeji ni mambo mengine, jogoo aliyekomaa mpe masaa mawili na ushee na kikombe kizima cha maji mwanzoni, kisha mkaushe mwisho. Kitimoto chukua bega lenye ngozi, ngozi ikate mistari, ipake chumvi, iangalie juu, na dakika 20 za mwisho ongeza makaa juu mpaka mfuniko wote ujae, utaisikia inapasuka. Ng'ombe usichukue ile nyama laini ya steki, inakauka, omba kipande cha bega au nundu.

Mboga tupu pia zinawezekana. Boga, viazi vitamu, magimbi, karoti, vitunguu, mafuta na chumvi, makaa 7 chini 17 juu, dakika 50. Magimbi yachemshe kwanza yaive nusu, yakiwa mabichi yanawasha koo.

Na ujue urefu wa pale ulipo una maneno yake. Arusha mjini iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, Moshi mjini ni kama 97. Ndani ya chungu kilichofunikwa mboga za mizizi zinaiva kwa mvuke huohuo, kwa hiyo dada aliyekutumia vipimo kutoka Dar akikwambia viazi dakika 35, wewe weka 45. Ukipanda juu zaidi kule Marangu au miteremko ya Meru, ongeza tena.

Makosa yenye hatari, sio ya ladha tu

Jiko la mkaa au chungu chenye makaa kisiingie ndani ya hema, ndani ya gari, wala kwenye chumba kilichofungwa, hata kama ni Julai na baridi ya Arusha inakung'ata. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, mtu analala haamki. Makaa yakionekana yamezima bado yanaitoa.

Usimwagie chungu cha moto maji ya baridi, chuma hiki kinapasuka. Usikinyanyue na makaa yakiwa juu. Na watoto wapewe mpaka wa kuchora chini, maana mfuniko ukiisha kupanguswa majivu unaonekana kama umepoa na haujapoa.

Imeharibika, nifanyeje?

*Chini imeungua, juu bado.* Makaa mengi chini. Usikoroge wala usikwangue, hamisha vya juu ambavyo havijaungua kwenye sinia, osha chungu kwa maji moto, rudisha na nusu kikombe cha maji, chini makaa 5 juu 17.

*Nyama imeiva ila ngumu kama raba.* Haijaiva bado kwa maana ya kulainika, ongeza nusu kikombe cha maji na dakika 40. Mbuzi mzee anakuwa mgumu, anakuwa mgumu zaidi, kisha anaachia. Wengi wanakata tamaa pale katikati.

*Viazi vimekuwa uji.* Viliingia mapema au ulivikata vidogo. Leo viponde na mchuzi uje na sura ya mtori (supu nzito ya ndizi), hakuna atakayejua.

*Nyama inaogelea.* Angalia hatua ya 9.

*Majivu yameingia.* Kidogo hayaui, chota ile sehemu. Mara nyingine pangusa kabla ya kufunua.

*Ladha ya chuma, na mchuzi mweusi.* Nyanya au ndimu zimekaa muda mrefu kwenye chungu ambacho hakijakolea mafuta. Rudia kukipaka na kukichoma, na miezi ya mwanzo usipikie vitu vichachu.

*Upepo.* Ule wa jioni unaoshuka kutoka mlimani unakula mkaa upande mmoja haraka sana. Kinga kwa bati upande unaotokea, acha nafasi ya hewa, na zungusha kila dakika 10 badala ya 15.

*Mvua.* Pasaka hiyo haikwepeki. Matone machache kwenye makaa ya juu sio tatizo, ikizidi shikilia bati juu yake kwa mawe marefu pembeni, kwa nafasi ya kutosha ili moto upumue. Turubai usilifunike juu ya moto, linayeyuka na kudondokea chakula.

*Kutu.* Kimehifadhiwa na unyevu. Sugua kwa steliwaya mpaka kutu iishe, osha, kausha kwenye moto, paka mafuta na ukichome kama kipya.

Kuosha na kuzima

Chungu kikiwa bado cha uvuguvugu weka maji moto, sugua kwa brashi au chumvi ya mawe, mwaga, kausha juu ya makaa yaliyobaki mpaka uone maji yote yametoweka, paka mafuta kidogo, futa. Sabuni kidogo mara moja moja haina shida, kukiloweka usiku mzima ndiyo shida. Kihifadhi mfuniko ukiwa umekalia karatasi katikati ili hewa ipite.

Makaa yamwagie maji, koroga kwa beleshi, mwaga tena, koroga, weka mkono juu. Kama unahisi joto lolote, bado hayajazima. Usiyafukie kwa udongo yakiwa ya moto, yanakaa humo mpaka kesho na mtoto wa watu anapita peku.